Reino Niskala na Mtungi wa Pili wa Gesi

Reino Niskala aliendesha gari la kusukuma theluji la kaunti yetu kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujua bei ya maziwa. Hakuwa mjinga. Alijua kutofautisha theluji mbichi na theluji kavu kwa mlio wake tu chini ya matairi, alijua kila sanduku la barua lililosimama karibu mno na barabara, na mbwa wote wa njia ya ziwani aliwajua kwa majina. Fedha tu ndizo hakuzijua. Mshahara uliingia benki, mkewe Arlene akaushughulikia, na kila Ijumaa asubuhi Reino alikuta dola sitini chini ya kikombe chake cha kahawa. Alizitia mfukoni akaenda kazini. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote ya uchumi.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na minane katika gereji ya kaunti, huku kaskazini mwa Michigan. Yeye dereva, mimi fundi. Katika haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe kwa maneno yake machache, na yale aliyoyaruka nilijaziwa na Arlene.

Alistaafu Ijumaa ya mwisho ya Januari. Tulimkatia keki, mkuu wa gereji akasoma hotuba ambamo alikosea jina la ukoo mara mbili, kisha tukampa saa ya ukutani. Reino akasimama kushukuru. "Asanteni," akasema. "Breki za gari namba saba zinalia." Akaketi.

Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akavaa, akakumbuka, akakaa mezani. Arlene akaja na bati la biskuti, lile kubwa la mviringo, akaliweka mbele yake.

Arlene ni mwanamke mfupi. Alipika katika jiko la shule miaka ishirini na miwili, na mpaka leo huzungumza kama mtu anayeshindana na kelele za masufuria.

"Nini hii?" Reino akauliza.

"Bati la biskuti."

"Naona ni bati la biskuti. Limefanya nini?"

"Ni lako. Wewe umestaafu, na mimi nimestaafu."

"Si ulistaafu mwaka juzi?"

"Ile ilikuwa kazi ya shule. Hii ya bati nimeifanya miaka thelathini na sita, na hakuna aliyenikatia keki."

Reino akalitazama bati. "Unataka keki?"

"Sitaki keki, mzee. Nataka ulipe bili ya umeme. Mwisho ni tarehe kumi na mbili."

Arlene akachukua kahawa yake, akaenda kukaa dirishani.

Ndani ya bati mlikuwa na bili, vitabu vya hundi, risiti zilizofungwa kwa mipira, na daftari la mwaka ule. Reino alifunika bati, akampigia simu binti yao, Heidi, anayefanya kazi kwa daktari wa meno kule Milwaukee.

"Baba, una homa?" Heidi akauliza, maana baba yake hakuwa mtu wa kupiga simu.

"Sina. Mama yako amenipa bati."

"Hatimaye," Heidi akasema. Kisha akamwelekeza. Kwanza aandike kinachoingia kwa mwezi. Halafu, kabla ya kufungua daftari la mama, aandike anachodhani kinatoka. Baada ya hapo ndipo alifungue.

"Kwa nini niandike ninachodhani, wakati ukweli umo ndani ya bati?"

"Fanya tu, baba. Utajifunza kitu."

Reino akafanya. Kinachoingia kilikuwa pensheni yake na ya Arlene, jumla dola elfu tatu mia tatu na kumi. Kinachotoka alikikadiria kwa makini, akilamba ncha ya penseli. Chakula mia moja na ishirini. Umeme thelathini. Bima ya nyumba hakuiandika kabisa, kwa kuwa nyumba haikuwahi kuungua. Kodi ya ardhi vilevile aliiacha, akiamini waliilipa mara moja, siku ile waliponunua. Alipojumlisha akapata elfu moja na mia nne. Akajumlisha tena, ikawa ni hiyohiyo.

"Arlene," akasema, "kila mwezi tunabakiwa na dola elfu moja mia tisa na kumi."

"Hongera," Arlene akasema, akaendelea kumenya viazi.

Ndipo akafungua daftari. Katika ukurasa wa Januari, kwa mwandiko wa Arlene ulionyooka kama uzio, chakula kilikuwa mia saba na kumi. Umeme mia moja na kumi na nane. Kulikuwa na bima za aina tatu, kodi ya ardhi iliyowekwa kidogokidogo kila mwezi, mkopo wa gari, dawa, kanisa, simu, king'amuzi. Kulikuwa na mstari ulioandikwa "Reino", mia mbili na arobaini. Jumla chini kabisa ilikuwa elfu nne mia moja na themanini, sawasawa na fedha iliyokuwa ikiingia siku za mshahara. Hakikuzidi kitu, hakikupungua kitu.

Alijumlisha tena na tena mpaka viazi vikachemka.

"Arlene. Tumepungukiwa mia nane na sabini."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipojaza fomu ya kustaafu."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa unatazama mpira wa magongo. Ukaniambia, 'Vizuri.'"

Hakubisha. Alikumbuka kwamba ile mechi walishinda.

Heidi alimwagiza aandike kila senti inayotoka kwa mwezi mzima, bila kujikaripia wala kubana kitu, aandike tu. Reino akachukua daftari dogo la mfukoni, la aina ileile aliyozoea kuandikia saa za kazi na magunia ya chumvi ya barabarani, akaanza kutembea nalo. Siku ya pili nilimkuta kituo cha mafuta, anapokunywa kahawa kila asubuhi. Ameshika donati mkono mmoja, mwingine unaandika.

"Unaandika wosia?" nikamtania.

"Kahawa na donati. Dola nne na senti sabini na tano." Akanitazama. "Wewe ni mtu wa hesabu. Kwa siku ishirini na mbili ni ngapi?"

Nikapiga hesabu kwenye simu. "Mia moja na nne na nusu."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi."

"Na kwa miaka thelathini na mmoja?"

Nikamwambia zamani bei ilikuwa chini, lakini tukikadiria kwa huruma haipungui elfu ishirini. Reino akaitazama ile donati. "Nimekula gari," akasema. Halafu akaimalizia, kwa kuwa alikwisha kuilipia.

Wiki hiyohiyo alikwenda dukani mwenyewe kwa mara ya kwanza. Arlene alimpa orodha, yeye akaongeza akili yake. Alikuta kuku wameshushwa bei akanunua kumi na wanne. Nyumbani friza ilikuwa imejaa samaki na nyama ya paa.

"Bei ilikuwa nzuri," akajitetea.

"Bei nimeiona. Pa kuwaweka je?"

Aliwafukia kwenye theluji nyuma ya nyumba, kwa kuwa baridi ilikuwa ya kutosha. Siku ya tatu mbweha akaja. Reino hakulaani, alitoa daftari akaandika: "Mbweha, kuku wawili, dola kumi na moja." Alipomsomea Heidi kwenye simu, Heidi alicheka mpaka mgonjwa mwenye mdomo wazi kule kwao akauliza kulikoni.

Mwisho wa Februari alikaa kupunguza. Wengi hukata vya wenzao kwanza. Reino alianza na mstari wenye jina lake, akautoa mia mbili na arobaini akauweka tisini. Mafuta ya gari yalipungua kwa tisini, maana sasa hakuwa na kazi ya kuendea. Akiba ya kutengeneza sakafu ya bafu, mia mbili na hamsini, aliisimamisha. Sakafu ilikuwa imelegea miaka minne na haikuwa imemdondosha mtu. King'amuzi chote kilitoka, dola tisini na saba. Akaondoa thelathini kwenye simu. Chakula, baada ya mazungumzo marefu ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Arlene, kilipungua mia na hamsini.

Bado mia moja na tatu.

Ndipo macho yake yalipotua kwenye mstari ambao kila siku aliupita. Arlene alikuwa ameandika "Gesi", dola mia moja sitini na tano. Chini yake kidogo, "Gesi ya pili", themanini na tano.

Reino alijua mtungi mmoja tu wa gesi ya kupashia nyumba joto, ule mweupe ulioko ukuta wa mashariki, mkubwa kama ng'ombe aliyelala. Lakini mtu aliyekula gari zima la donati bila kujua hawezi kuwa na uhakika wa jambo lolote. Akavaa makoti, akachukua koleo, akatoka kuutafuta mtungi wa pili. Theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha. Alichimba nyuma ya sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, ingawa huwashwa kwa kuni. Alichimba kando ya banda. Alipoanza kuchimba chini ya mti wa tofaa, Arlene akafungua dirisha. Kwa maneno yake mwenyewe, alimwacha saa moja na nusu kwa kuwa mwanamume aliyestaafu anahitaji mazoezi.

"Unatafuta nini?"

"Mtungi wa pili."

"Hauko hapo."

"Nimechimba huku, nimechimba kule, haupo."

"Nimekuona. Umechimba vizuri sana."

"Arlene, uko wapi?"

"Kwa Waino."

Reino akasimama na koleo lake.

Waino ni kaka yake, amempita miaka minne, na anakaa katika nyumba ya wazazi wao, maili kumi na moja kutoka kwa Reino. Walikuwa wamepitisha miaka tisa bila kusemezana. Baba yao alipofariki aliacha boti ya uvuvi na injini yake, bila wosia. Boti ilibaki kwa Waino kwa sababu ilikuwa uani kwake. Injini ikabaki kwa Reino kwa sababu alikuwa akiitengeneza. Waino akataka kuinunua injini, Reino akakataa. Reino akataka kuinunua boti, Waino akakataa. Hakuna aliyemtukana mwenziwe. Walinyamaza tu, na kwa kuwa katika ukoo wa Niskala kunyamaza hakuna tofauti kubwa na mazungumzo, ulipita mwaka mzima kabla watu hawajatambua kwamba wamegombana.

Reino aliingia ndani, Arlene akamweleza. Majira ya baridi sita yaliyopita, dereva wa lori la gesi alimwambia kwamba Waino hajaagiza gesi tangu mwaka uliotangulia. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa, mgongo umeharibika, kazi ya msituni ameacha. Alikuwa akiota moto wa kuni jikoni. Arlene akapiga simu kwenye kampuni, akafungua hesabu ya pili.

"Miaka sita! Bila kuniambia!"

"Ningekuambia, ungesema nini?"

Reino akafikiri. Ni mtu mkweli, hata pale uongo ungemsaidia. "Ningesema hapana."

"Haya basi."

Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. "Themanini na tano, mara kumi na mbili, mara sita. Ni elfu sita mia moja na ishirini."

"Umezipiga kichwani," Arlene akasema. "Unaendelea vizuri."

"Nitaukata."

"Bajeti ni yako, kata. Lakini anayekata ndiye anayekwenda kumwambia. Mimi nimestaafu."

Alichukua siku nne kujiandaa. Alhamisi ya kwanza ya Machi aliandika hesabu yote kwenye karatasi, akaikunja mfukoni, akaendesha maili kumi na moja kwa mwendo wa mtu anayesukuma theluji. Akabisha. Waino alifungua mlango akiwa amejishika kiuno.

"Umekuja," Waino akasema.

"Nimekuja."

"Umechelewa."

"Barabara ina barafu."

"Umechelewa miaka sita, mdogo wangu. Ingia, unatoa joto nje."

Nyumba ile Reino alizaliwa ndani yake, lakini hakuitambua. Kitanda kilikuwa jikoni. Milango ya vyumba vingine ilizibwa kwa mablanketi ili gesi isipotee bure. Paka mwenye jicho moja alikuwa kwenye kiti cha mama yao, na hakuonyesha dalili ya kukiachia. Waino akamimina kahawa, akakaa polepole, kwa awamu mbili.

"Siku ile lori la gesi lilipokuja," akasema, "nilimwambia dereva amekosea nyumba. Akanionyesha karatasi. Niskala, imelipwa. Nikasema, haa, mdogo wangu ameomba radhi. Kwa mdomo hawezi, ndiyo maana ameomba kwa gesi. Nikaona ni sawa, akija nitamwambia yameisha. Nikakungoja. Hukuja. Mwaka wa pili nikaanza kukasirika upya."

Nilimuuliza Reino alijibu nini hapo.

"Nilimwambia kahawa ni nzuri."

"Ilikuwa nzuri?"

"Hapana."

Angeweza kunyamaza, na heshima yote ya ile miaka sita ingekuwa yake. Reino anasema alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria kwa muda wa nusu kikombe. Kisha akaweka kikombe chini.

"Siyo mimi, kaka. Ni Arlene. Mimi nimejua wiki hii."

Waino akamtazama paka. "Shemeji?"

"Shemeji yako, ndiyo."

"Kwa hiyo wewe hukuomba radhi."

"Sikuomba."

"Na hapa umekuja kufanya nini?"

"Nimestaafu. Hesabu za nyumba ninazo mimi sasa. Nimepungukiwa mia moja na tatu kwa mwezi." Akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya meza, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Waino akavaa miwani, akaisoma kutoka juu hadi chini, akifuata kwa kidole. "Umejikata mwenyewe mia na hamsini," akasema.

"Ndiyo."

"Basi kata na hii. Mimi nina kuni."

Reino akalitazama sanduku la kuni. Lilikuwa na vipande vitano. Akautazama mgongo wa kaka yake.

"Boti iko wapi?" akauliza. "Sikuiona uani."

"Niliiuza."

"Lini?"

"Mwaka uliofuata kifo cha baba. Kodi ya ardhi ilinibana."

"Ukaiuza bila injini?"

"Aliyenunua alikuwa na injini yake. Wewe ya kwako bado unayo?"

"Iko kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna. Nimeifunika blanketi. Kila Mei naipaka mafuta."

"Ya nini?"

Reino akapiga hesabu kichwani. Kwa miaka minane alikuwa akiilinda injini dhidi ya boti isiyokuwepo. Waino ndiye aliyeanza kucheka, akashika kiuno kwa maumivu, akaendelea kucheka. Reino anashikilia kwamba yeye hakucheka, alikohoa tu. Lakini anakubali kwamba alikohoa muda mrefu mpaka paka akatoka kwenye kiti.

Alipokuwa akitafuta sukari kwa ajili ya kikombe cha pili, alifungua sanduku la mkate akakuta barua. Zilikuwa kama hamsini, hazijafunguliwa.

"Hizi nini?"

"Barua."

"Mbona hujazifungua?"

"Barua za serikali hazijawahi kuniletea habari njema."

Mwezi mmoja kabla, Reino angefunika sanduku. Lakini alikuwa ameshaonja bati, na mtu akishaonja bati hawezi tena kuona bahasha iliyofungwa akatulia. Akaomba kisu. Walizifungua Alhamisi hiyo, na Alhamisi iliyofuata, na nyingine tena. Nyingi hazikuwa na maana. Lakini miongoni mwake, kila vuli, ilikuwepo barua ileile: kwamba mtu wa umri wake, mwenye kipato chake, anaruhusiwa kuomba msaada wa serikali wa joto la majira ya baridi. Zilikuwa saba, za miaka saba. Kila moja ilikuwa na fomu yake, na bahasha ya kurudishia isiyohitaji hata stempu.

Reino aliweka karatasi mezani, akachonga penseli. "Watu wangapi wanaishi humu?"

"Mmoja. Na paka."

"Paka hana mstari."

"Basi hiyo fomu haijakamilika," Waino akasema.

Katikati ya Aprili jibu lilikuja. Msaada ulikubaliwa, na sehemu iliyobaki ya gesi ilikuwa dola ishirini kwa mwezi. Waino alisema hizo atazimudu mwenyewe. Reino akasema ameshaziandika kwa wino. Walibishana kwa dakika moja, wakaacha, kwa kuwa wote wawili walikumbuka kilichotokea mara ya mwisho walipobishana.

Injini ya boti Reino aliiuza kwa mvuvi mmoja, dola mia nne na hamsini, akagawana na Waino nusu kwa nusu. Sehemu yake aliiweka kwenye mstari mpya, "Dharura". Wiki mbili baadaye starta ya gari lake ikafa. Gari lilivutwa hadi kwangu. Nikiwa chini yake, mgongo kwenye sakafu, nikaona daftari linashuka mbele ya uso wangu.

"Soma hapo," sauti ya Reino ikasema.

"Dharura. Mia mbili ishirini na tano."

"Kitu kimeharibika, na fedha yake ilikuwa inakingoja. Umewahi kuona?"

Nikamwambia sijawahi, na ilikuwa kweli, kwa sababu mimi mwenyewe natengeneza magari ya wengine ili nilipie langu.

Msije mkadhani mambo yalinyooka mara moja. Machi walizidisha matumizi kwa dola sitini na moja. Aprili kumi na mbili. Mei ilipoisha Reino alisimama katikati ya jiko akatangaza, "Zimebaki dola tisa."

"Hesabu tena," Arlene akasema.

Akahesabu tena. Alikuwa amesahau kanisa.

Ilikuwa Juni ambapo alitaka kujua umeme hupungua kiasi gani wakati wa joto, ili apange mapema. Madaftari yote ya zamani yalikuwa kabatini, thelathini na sita, yamepangwa kwa miaka. Akayatoa, akakaa nayo ukumbini. Umeme aliupata katika dakika kumi, lakini aliendelea kusoma. Mstari wa "Reino" ulikuwepo tangu daftari la kwanza. Ulianza na dola ishirini, ukapanda jinsi mshahara ulivyopanda. "Heidi" alikuwepo: viatu, meno, safari ya shule. Mbwa wao, aliyekwisha kufa siku nyingi, alikuwa na mstari wake miaka kumi na mitatu. Reino akarudi nyuma, akapekua tena, daftari moja baada ya jingine, mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba.

Arlene alikuwa bustanini, akipanda vitunguu. Reino akamwendea.

"Wewe hakuna mstari wako."

"Mstari gani?"

"Wa jina lako. Nimepekua yote thelathini na sita. Mbwa yumo."

Arlene akafuta udongo mikononi. "Mbwa alikuwa anakula."

"Wewe ulikuwa unatumia nini?"

"Kilichobaki."

"Kilikuwa kinabaki kiasi gani?"

"Kilikuwa hakibaki," Arlene akasema, kwa sauti ileile anayotumia kutaja saa.

Reino alisimama pale bustanini. Aliniambia kwamba katika miaka thelathini na mmoja ya barafu, alikuwa ameteleza na gari la tani kumi na sita mara mbili, na mara zote mbili alijua la kufanya. Hapa hakujua. Akaingia ndani, akakaa na penseli. Alipotoka alikuwa ameshika daftari, amelifungua.

"Hamsini kwa mwezi," akasema. "Thelathini zimetoka kwangu, ishirini kwenye mafuta ya gari. Nitakwenda mjini mara moja kwa wiki badala ya mara mbili."

"Hamsini za nini?"

"Sijui. Ni zako."

"Nizifanyie nini?"

"Na hilo pia silijui, Arlene. Ndiyo maana ya zako."

Arlene alisoma ule mstari, jina lake na tarakimu, akarudi kwenye vitunguu vyake. Alipanda mstari mzima bila kukumbuka kuweka mbegu, akalazimika kuurudia.

Juni hakutumia kitu. Julai hakutumia kitu. Agosti Reino alimuuliza kama fedha zile zina kasoro, akaambiwa ajishughulishe na yake. Septemba, siku moja baada ya kanisa, Arlene alikwenda nyumbani kwa mjane mmoja wa huko huko kanisani, akarudi na sanduku jeusi alilolibeba kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na akodiani ya zamani, ile ya kuvuta na kusukuma kifuani, ya dola mia moja na themanini. Baba yake Arlene alikuwa akipiga akodiani kwenye kumbi za densi enzi za migodi, na tangu utotoni yeye alitaka kujifunza. Reino alikuwa ameishi naye miaka thelathini na sita bila kusikia habari hiyo.

"Umebakiwa na ishirini," ndilo neno pekee alilolipata.

"Hizo ni za masomo," Arlene akasema.

Siku hizi Waino huja kila Jumapili kula pai za nyama na viazi, na mstari wa chakula umeongezwa dola thelathini kwa ajili hiyo, maana anakula kama bado anakata miti. Baada ya chakula Arlene hufungua lile sanduku jeusi. Anapiga vibaya. Reino husema hivyo kwa kila anayeuliza, bila uchungu, kama anavyotaja bei ya maziwa. Waino ana sikio moja zima, naye hukaa akiwa ameligeuzia upande wa akodiani. Kuna wimbo mmoja wa densi ambao Arlene ameshaujua mpaka katikati. Akifika hapo husimama, hutazama vidole vyake, halafu huanza tena mwanzo, na hao ndugu wawili humsubiri.